Tangi au televisheni? Hesabu inayoyasumbua maboma ya Mtito Andei

Sola ya kulipia kidogo kidogo imeifukuza koroboi katika nyumba nyingi za Makueni. Sasa familia za Kikristo zina uamuzi mwingine mbele yao: paa la mabati liwatumikie kwa lipi kwanza?

Jua likishatua Mtito Andei, kando ya barabara kuu hakuna giza. Malori ya kwenda na kutoka Mombasa yameegeshwa kwa safu, mikahawa imewasha taa, nyama inachomwa, na abiria wa mabasi wanakunywa chai kabla ya kuendelea na safari. Lakini ukiiacha lami na kushika njia ya vumbi ya kuelekea vijijini, usiku ni usiku. Kinachoonekana ni taa ndogo nyeupe, moja hapa, nyingine kule, kila moja ikitoka kwenye boma la mtu.

Taa hizo ni za sola, na nyingi bado zinalipiwa.

Katika boma la kawaida la huku, mjadala huzuka pale simu inapoleta ujumbe kwamba malipo ya siku hayajafika. Mkobani mna shilingi 50. Mama angependa zitumwe kwa M-Pesa, kwa kuwa mtoto ana kazi ya shule na bila malipo taa itazimika. Baba anatazama mitungi iliyopangwa mlangoni. Miwili tu ndiyo ina maji, na mwenye mkokoteni wa punda hauzi kwa ahadi. Wote wawili wana haki.

Juu ya mabati ya nyumba hiyo kuna paneli. Kwenye ukingo wa mabati hayo hayo hakuna gata, na uani hakuna tangi. Mvua ikinyesha, maji huporomoka kutoka paani, yakachimba uwanja na kuishia korongoni.

Hapo ndipo lilipo swali la makala haya. Familia yenye kipato kidogo, inayotaka kuboresha nyumba na pia kumcha Mungu, ianze na nini: mwanga, televisheni na simu ya kisasa, au maji?

Mji wa njiani, maji ya mbali

Mtito Andei uko karibu katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, katika eneobunge la Kibwezi Mashariki, Kaunti ya Makueni. Reli ya zamani ilipita huku ilipojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, nayo ina kituo hapa. Mjini kuna lango la Mbuga ya Tsavo Magharibi, na ng'ambo ya barabara inaanza Tsavo Mashariki.

Ndani ya Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima, ambazo maji yake huchujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu. Tangu miaka ya 1950, bomba kutoka Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa. Wakati huo huo, vijiji vingi vinavyopakana na mbuga hiyo vimeendelea kutegemea mito ya msimu, vidimbwi na visima vya kuchimba, na maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi.

Mvua huja kwa misimu miwili: ile ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo wakulima wa Ukambani huitegemea zaidi. Katikati kuna kiangazi kirefu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, Afrika Mashariki ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, na Makueni ni miongoni mwa kaunti 23 kame na nusu kame za Kenya.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653 katika kaunti hii. Kwa wengi wao, kuboresha nyumba hakuanzi na rangi ya ukuta wala vigae vya sakafu. Kunaanza na maji, mwanga na paa.

Jinsi sola ilivyoingia

Mlango ulifunguliwa na M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Mtu alipoweza kutuma kiasi kidogo cha fedha kwa simu kila siku, ikawezekana pia kumuuzia kifaa cha bei kubwa kwa vipande vidogo. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mtindo huo nchini Kenya mwaka 2012, kisha wengine wakafuata, wakiwemo d.light na Sun King.

Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Mnunuzi hutoa malipo ya kwanza, akapewa paneli, betri, taa kadhaa, waya wa kuchajia simu na mara nyingi redio. Kisha hulipa kila siku. Ndani ya kisanduku cha betri kuna kidhibiti kinachotambua malipo. Yakikosekana, kifaa hujifunga, yakifika, hufunguka. Deni likiisha, kifaa ni chako.

Baada ya taa ikaja televisheni, kisha simu za kisasa. Julai 2020 Safaricom ikishirikiana na Google ilizindua Lipa Mdogo Mdogo, mpango uliomwezesha mtu kupata simu ya 4G kwa kulipa shilingi 20 kwa siku. Leo mkopo wa kifaa ni jambo la kawaida katika kila soko.

Serikali nayo ilijaribu kwa njia ya nyaya. Mwaka 2015, chini ya mradi wa kusambaza umeme hadi nyumbani, ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Wengi walinufaika. Lakini Mtito Andei ni eneo pana lenye maboma yaliyotawanyika, na mita 600 si mbali huku. Kitaifa, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nusu ya nyumba, asilimia 50.4, zilitumia umeme wa nyaya kwa mwanga, na asilimia 19.3 zilitumia sola.

Wanaotaka mwanga kwanza

Wanaotetea sola wana hoja nzito, na hawazitoi kwa anasa.

Kwanza ni afya na usalama. Koroboi hutoa moshi unaowasha macho na kubana kifua, na ikipinduka huchoma nyumba. Pili ni gharama. Tangu Septemba 2018, serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji na dizeli, koroboi haikuwa tena mwanga wa bei ya chini.

Tatu ni elimu. Mtoto anayerudi nyumbani jioni, akachunga mbuzi na kuteka maji, hubakiwa na usiku tu wa kusoma. Nne ni simu. Zamani mtu alitembea hadi sokoni na kulipa ili simu yake ichajiwe, na siku hizi simu ndiyo benki, ndiyo soko, ndiyo njia ya kumwita ndugu akiugua.

Hata televisheni ina watetezi. Wazazi wengi wa mji huu wa malori husema wangependa vijana wao watazame mpira sebuleni kuliko kuufuata kwenye vibanda vya kando ya barabara usiku. Wazee wasioweza kutembea hadi kanisani hufuatilia ibada za Jumapili kwa redio na televisheni. Hayo si mambo ya kupuuza.

> Mtoto anayechunga mbuzi na kuteka maji jioni hubakiwa na usiku tu wa kusoma.

Wanaotaka tangi kwanza

Upande wa pili huanza na hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu.

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa huleta lita moja ya maji. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6. Paa lake ni mita 48 za mraba. Mvua moja ya milimita 10 huangusha lita 480 juu yake. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, unabaki na lita 384. Hiyo ni mitungi 19 ya lita 20 kutoka mvua ya alasiri moja.

Msimu ukileta milimita 250, paa hilo hilo litakupa lita 9,600. Tangi la lita 10,000 litakaribia kujaa.

Maji hayo yatadumu kwa muda gani? Familia inayotumia mitungi miwili kwa siku kwa kunywa na kupikia, yaani lita 40, itakaa na tangi la lita 5,000 kwa siku 125. Hiyo ni miezi minne. Kiangazi cha kati ya mvua za Mei na Oktoba hakizidi hapo kwa mbali.

Kuna hesabu nyingine ambayo haionekani kwenye daftari: saa za mama na wasichana. Wao ndio hubeba mzigo wa maji katika nyumba nyingi za Ukambani, wakiondoka alfajiri na kurudi jua likiwaka. Taa inampa mtoto nafasi ya kusoma usiku. Tangi linamwondolea uchovu unaomfanya asinzie juu ya kitabu. Na shilingi anazolipwa mwenye punda hazimfanyi mnunuzi kumiliki chochote. Maji yakiisha, anaanza upya.

Hoja hii nayo ina udhaifu wake, na lazima usemwe. Mvua ikikosa, tangi hubaki tupu. Aliyenunua tangi kwa mkopo mwishoni mwa 2020 alingoja zaidi ya miaka miwili kuona mvua nzuri. Tena, ni vigumu kulipia tangi kwa vipande vya shilingi 50 kwa siku, maana tangi haliwezi kufungwa kutoka mbali mteja akichelewa. Ndiyo maana wauzaji wa taa wamefika kila kijiji, na wauzaji wa matangi wamebaki mjini.

> Mvua moja ya milimita 10 juu ya paa la mita 8 kwa 6 inatosha kujaza mitungi 19.

Deni lenye kufuli

Shilingi 50 ni ndogo, ila kwa siku 365 ni shilingi 18,250, mbali na malipo ya kwanza. Nyumba yenye sola, televisheni na simu mbili, vyote vya mkopo, inaweza kujikuta na madeni manne yanayodai kila asubuhi. Kipato cha huku hakiji kila asubuhi. Huja maembe yakiiva, ndengu zikivunwa, mbuzi akiuzwa, au mtoto aliye Nairobi akikumbuka nyumbani.

Hapo ndipo mpango unapobana. Malipo ni ya kila siku, mapato ni ya msimu. Kifaa kikijifunga mwezi wa Septemba, familia imelipa miezi mingi na bado iko gizani.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika na bidhaa aliyoinunua. Itumie haki hiyo. Kabla ya kuweka kidole kwenye simu, muulize muuzaji: bei ya taslimu ni ngapi, na jumla ya mkopo ni ngapi? Nikikosa siku kumi, nini kinatokea? Dhamana ya betri ni ya muda gani, na fundi yuko wapi? Nikirudisha kifaa, nitarudishiwa kitu? Asiyejibu maswali hayo waziwazi hastahili fedha zako.

Boma linalopakana na tembo

Mtito Andei ina jambo jingine ambalo mji kama Wote hauna. Mbuga za Tsavo, zilizoanzishwa 1948, zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000 zikiunganishwa, na tembo wake hawajui mpaka. Wakati wa ukame, tangi lenye maji na shamba lenye mahindi mabichi huwavuta hadi uani.

Hapa teknolojia mpya imeleta faraja. Katika hifadhi ya jamii ya Kamungi, inayopakana na Tsavo Magharibi, shirika la Tsavo Trust limesaidia familia kuweka uzio wa umeme wa sola unaozunguka sehemu ndogo tu ya ardhi: nyumba, ghala, tangi na kipande cha shamba. Mpango huo huitwa uzio wa asilimia 10. Kifaa chake hutuma mishtuko mifupi inayouma bila kuua, na ardhi iliyobaki huachwa wazi kwa malisho na wanyama.

Ng'ambo kidogo, huko Sagalla karibu na Voi, mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants wamesaidia wakulima kuning'iniza mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba. Tembo huwaogopa nyuki, na mkulima hupata asali. Funzo la pande zote mbili ni moja: maendeleo ya nyumba huku yasipomfikiria tembo, hayadumu.

Maandiko na daftari la matumizi

Kanisa halikuja Makueni jana. Mmishonari Peter Cameron Scott, aliyeanzisha Africa Inland Mission mwaka 1895, alijenga kituo chake cha kwanza Nzaui, ndani ya kaunti hii ya leo. Alifariki Desemba 1896, mwaka mmoja tu na kitu baada ya kufika. Tangu wakati huo, kanisa la AIC (Africa Inland Church), Wakatoliki, Waanglikana na makanisa mengine yamekuwa sehemu ya shule, hospitali na maisha ya nyumbani. Julai 2023 Papa Francis aliunda Jimbo Katoliki la Wote ili kuwahudumia waumini wa Makueni kwa karibu zaidi.

Kwa hiyo hakuna ajabu mchungaji au padre akizungumzia gata na madeni. Biblia yenyewe inazungumza. Katika Luka 14, Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Mithali 24 inashauri kazi ya nje na shamba zitangulie, ndipo nyumba ijengwe. Kumbukumbu la Torati 22 inamwagiza mwenye nyumba mpya aweke ukuta mfupi darini, mtu asianguke akafa: usalama wa wakaaji na wageni ni sehemu ya utii.

Lakini simulizi inayogusa zaidi ni ya mjane wa 2 Wafalme 4. Mdai alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili. Nabii Elisha hakumpa fedha. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Akaomba vyombo vitupu kwa majirani, akavijaza, akauza, akalipa deni kwanza, kisha akaishi na wanawe kwa kilichobaki.

Utaratibu wa simulizi hiyo unafaa kuigwa Mtito Andei. Mjane alianza na alichonacho, akawahusisha majirani na watoto, akaliondoa deni kabla ya kununua kingine. Wengi wa huku wana paa. Mvua ni baraka ya Mungu inayoshuka juu ya paa hilo bila malipo, na kuiacha ipotee huku tukikopa kwa ajili ya skrini si uwakili mwema. Ninasema hivyo bila kuwahukumu wanaohitaji taa. Ninasema kwa sababu utaratibu wa matumizi ni suala la imani pia.

> Mjane wa 2 Wafalme 4 alianza na alichonacho, akaliondoa deni kabla ya kununua kingine.

Kile ambacho Wakamba wanakijua tayari

Hatuhitaji kuagiza suluhisho kutoka mbali. Ukambani una mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima, kujenga na kuchimba matuta. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, ambacho kilikua na kujulikana kwa mabwawa ya mchanga: kuta za zege katika mito ya msimu zinazozuia mchanga, na mchanga ukahifadhi maji ndani yake. Kazi hiyo ilianza na watu wachache waliokubali kushika koleo pamoja.

Vyama vya akina mama vina nguvu hiyo hiyo. Kikundi cha wanachama kumi kinachochanga kila mwezi kinaweza kununua tangi moja kwa zamu, taslimu, bila riba na bila kufuli. Kununua pamoja pia kunawapa nguvu ya kupunguziwa bei na usafiri.

Kazi ya fundi nayo si ngumu, lakini ifanywe vizuri. Gata iteremke kidogo kuelekea tangi, karibu sentimita moja kwa kila mita. Msingi wa tangi uwe wa mawe na zege, kwa kuwa lita 5,000 ni tani tano za uzito. Maji ya kwanza ya kila mvua, yaliyobeba vumbi na kinyesi cha ndege, yaelekezwe nje. Mdomo wa tangi uwe na wavu na kifuniko, mbu na mwanga visiingie. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Na tangi lioshwe kila mwaka kabla ya Oktoba.

Mpangilio unaofaa

Baada ya kupima hoja zote, msimamo wa makala haya uko wazi. Familia ambayo bado ina koroboi ianze na taa ndogo ya sola, tena ya kununua taslimu ikiwezekana, kwa ajili ya usalama na masomo. Mkopo wa taa ukiisha, fedha zile zile za kila siku ziendelee kutengwa, safari hii kwa ajili ya gata na tangi. Walio jirani na mbuga waongeze uzio. Televisheni na simu ya pili zingoje, na zije bila deni juu ya deni.

Uamuzi huo ufanywe na baba na mama wakiwa wameketi pamoja, watoto wakubwa wakiwepo, daftari likiwa wazi mezani na sala ikitangulia. Mume asinunue skrini kwa siri, na mke asiweke kidole kwenye mkataba ambao mwenzake haujui. Serikali ya kaunti na wafadhili wanaogawa matangi wayapeleke kwanza kwenye maboma ya wajane na wazee wasioweza kuchanga.

Makanisa nayo yawe mfano. Jengo la mita 20 kwa 10 lina paa la mita 200 za mraba. Katika msimu wa milimita 250, hata baada ya kutoa kinachopotea, paa hilo hukusanya lita 40,000, yaani mitungi 2,000. Wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa, kabla ya harambee ijayo ya vipaza sauti, wekeni gata na tangi kwenye nyumba ya Bwana, mkawagawie majirani maji hayo.